Nifiche mguu wangu ili nipate permi ya kuendesha gari?

Jambo sana, Mama Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 37. Polio ilinishika nikiwa mtoto mdogo sana, na mguu wangu wa kuume haukukua kama mwenzake. Natembea na apareyi ya chuma inayopanda mpaka juu ya goti, pamoja na mkongojo mmoja. Hayo nimeyazoea. Siandiki kulalamika juu ya mguu.

Nafanya biashara ya unga na maharagi. Unga nauchukua kwa wanaouleta kutoka Kasumbalesa, kule mpakani, kisha nawapelekea wateja wangu wa hapa mjini, mitaa ya Kenya, Kamalondo, hata Ruashi. Biashara inakwenda, ila usafiri unaila. Taksi-bisi zikiona mkongojo hazisimami, maana nachelewa kupanda na konvoyeri anayekusanya nauli ana haraka yake. Manseba, wale wa pikipiki, wananibeba, lakini si kwa magunia. Kukodi gari kila mara ni kumfanyia kazi mwenye gari, mimi narudi nyumbani na chenji.

Zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, ilipofika nikaongeza na akiba, nikanunua Toyota ndogo ya otomatiki. Volani, yaani usukani, iko kuume, kama magari mengi yanayopitia Zambia. Mdogo wangu wa kiume ni shoferi, akaanza kunifundisha siku za Jumapili kwenye uwanja mtupu nje ya mji. Mafuta na freni nakanyaga kwa mguu wa kushoto, ule wa kuume nauweka pembeni. Mwanzoni kiuno kiliniuma, sasa naendesha vizuri, hata yeye anakubali. Mara moja tu chuma cha apareyi kiliingia chini ya pedali ya freni, nikashindwa kuikanyaga mpaka mwisho, akavuta freni ya mkono. Mbele yetu hapakuwa na mtu, kwa hiyo haikuleta neno. Tangu siku hiyo naufunga ule mguu kwenye kiti kwa kitenge.

Basi nikaenda kwenye ofisi moja kuuliza namna ya kuomba mtihani. Aliyenipokea hakunitazama usoni, alitazama mguu. Akasema: «Mama, gari ni la watu wenye miguu miwili. Tafuta shoferi.» Waliokuwa kwenye mstari wakacheka. Nikatoka bila kuuliza lingine.

Mwalimu wa oto-ekole, shule ya udereva, niliyemwendea ni mtu mwema. Aliniambia hivi: cheti cha daktari tutakipata, daktari mwenyewe hatakuomba uvue viatu. Siku ya mtihani vaa liputa ndefu ya kufunika miguu, mkongojo uache ndani, nitakusogezea gari mpaka ulipo. Utazunguka kidogo, utasimama, utaegesha, imekwisha. Ila usiseme kitu. Ukisema wataandika kwamba hufai, na mtu akishaandikwa hafai, nani atakuja kufuta?

Shemeji yangu yeye anacheka hata hiyo liputa. Anasema nimpe dola, permi itanifikia nyumbani. «Nani hapa Lubumbashi alikaa mtihani?» ndiyo maneno yake.

Mume wangu anafanya kazi Kolwezi, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Hataki kusikia kitu. Anasema niuze gari au niweke shoferi, kwamba hataki siku moja apigiwe simu usiku. Tumegombana kwa simu mbele ya watoto, na binti yangu mkubwa akaniuliza kama ni kweli mtu wa mkongojo hawezi kuendesha.

Nikiuonyesha mguu naogopa kufungiwa mlango moja kwa moja. Nikiuficha, kila nitakapoona polisi wa rulaji barabarani moyo utaruka. Na kuna jambo linaniuma zaidi, Mama. Katika mji huu wenye miguu miwili wananunua permi bila kuulizwa kitu. Kwa nini mimi ndiye nibebe ukweli peke yangu?

Nifanye nini?

Mama wa Katuba

—

Jambo sana, dada yangu wa Katuba.

Kabla ya lolote, pole kwa kile kicheko. Ulikwenda kuuliza swali ambalo kila anayetaka permi analiuliza, ukarudishwa na maneno yasiyo jibu. Yule mtu hakukuambia sheria inasema nini, wala makarata gani yanatakiwa, wala hakukuelekeza kwa daktari. Ulitoka pale na aibu, habari hukupewa. Naanza na hilo kwa sababu naona mambo mengi ya barua yako yamejengwa juu ya siku ile, kana kwamba yule wa dirishani alikuwa ametoa hukumu. Alikuwa ametoa maoni yake.

Kama nimekuelewa, una njia tatu mbele yako na hakuna inayokupa usingizi: kwenda na mguu wako wazi, kwenda nao umefunikwa na liputa, au kutokwenda kabisa na kumwachia shemeji. Nyuma ya zote tatu yuko mume aliye mbali, na binti anayengoja jibu lako. Nitayazungumza yote. Lakini niruhusu nianze na mstari ambao wewe uliupita mbio.

Umeandika kwamba chuma cha apareyi kiliingia chini ya freni, na kwamba haikuleta neno. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya barua yako. Tuitazame polepole. Katika gari la otomatiki pedali ni mbili, ya mafuta kuume kabisa na ya freni kushoto kwake. Ili mguu wako wa kushoto uyafikie mafuta, lazima uvuke mahali ambapo mguu wa kuume ungekaa. Na mguu wa kuume, goti likiwa limefungwa na chuma, hauna pa kujikunjia. Ndiyo maana kiuno kilikuuma, ulikuwa umekaa upande. Ndiyo maana pia chuma kilitafuta nafasi na kuikuta chini ya freni. Kitenge kinauzuia mguu kwa muda, lakini fundo la kitenge hulegea bila kukuaga. Na siku gari likigongwa au likishika moto, utaanza kufungua fundo?

Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukipoteza sekunde mbili unatafuta freni kwenye barabara ya Kasenga, jioni, wakati watoto wanavuka na manseba wanakatiza, gari limekwenda zaidi ya mita 30 bila dereva. Pale uwanjani ulikuwa na mdogo wako na freni ya mkono. Siku ya kazi utakuwa peke yako na magunia.

Sikuandikii haya ili kumpa mumeo ushindi. Nayaandika kwa sababu nadhani wewe na mwalimu wako, na hata yule wa ofisini, mmekubaliana juu ya jambo ambalo mimi naona halijathibitika: kwamba kinachopimwa ni mguu. Nijaribu kuligeuza. Polio iliua mishipa inayoamuru misuli ya mguu wako. Macho haikuyagusa, masikio haikuyagusa, mikono, akili na uamuzi wako ni vizima. Swali la mtahini makini lingekuwa kama mwili huu na gari hili vinapatana. Apareyi yako mwenyewe hukuinunua sokoni kama viatu, ilipimwa mguuni mwako. Gari nalo linaweza kupimwa kwa mwili wa anayeliendesha.

Kwa mtu ambaye mguu wa kuume haufanyi kazi na wa kushoto ni mzima, kinachotumika mara nyingi duniani ni pedali ya pili ya mafuta, inayowekwa kushoto kwa freni. Ile ya kuume inakunjwa au kufunikwa ili isiguswe kwa bahati mbaya. Hapo mguu wa kushoto unafanya kazi yote bila kuvuka popote, na wa kuume unabaki upande wake, ukizuiwa na kibao kidogo usifike chini ya freni. Kwa ambaye miguu yote miwili ni dhaifu kuna mkono wa chuma karibu na volani: kuusukuma ni freni, kuuvuta au kuushusha ni mafuta, na mkono mwingine unashika volani kwa kishikizo cha mviringo. Wala si mambo ya jana. Franklin Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipooza miguu mwaka 1921, na miaka ya 1930 alikuwa akiendesha Ford iliyotengenezwa kuongozwa kwa mikono tu.

Najua utaniuliza kitu hicho kitapatikana wapi Lubumbashi. Mafundi wa kuchomelea tunao wengi, na wapo wanaoweza kukutengenezea pedali hiyo wiki hii hii. Hapo nakuomba uwe mkali. Freni yenyewe isiguswe, ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Pedali mpya isitegemee mchomeleo mmoja, na isiweze kunasa ikabaki chini. Iwe inatoka au kukunjwa upesi mdogo wako anapotaka kuendesha, maana dereva aliyezoea pedali za kawaida akiingia humo bila kuambiwa anaweza kukanyaga mafuta akidhani ni freni. Fundi akikuambia «hakuna shida, mama» kabla hujamaliza kueleza, tafuta mwingine.

Na volani. Sisi hapa Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara, lakini gari lako volani nayo iko kuume. Mjini utazoea. Kwenye barabara ya Kasumbalesa, kilomita kama 90 nyuma ya malori ya shaba, unapotaka kupita lori huoni kinachokuja mpaka gari zima limeshatoka nje ya mstari. Madereva wenye miguu miwili wanafia hapo. Unga wako unaletwa na wengine, kwa hiyo labda barabara hiyo si yako hata kidogo. Lakini amua sasa, kabla biashara haijakukaribisha huko.

Sasa nije kwenye hofu yenyewe, kwamba ukisema ukweli utaandikwa hufai na hakuna atakayefuta. Sitakuambia hofu hiyo ni bure. Ofisi zetu unazijua kuliko mimi. Lakini mwalimu wako anazungumza kana kwamba hakuna karatasi upande wako, na zipo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya hatua maalumu za kumlinda kulingana na mahitaji yake. Nchi yetu iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na kifungu cha 20 cha mkataba huo kinahusu hasa uhuru wa mtu kwenda anakotaka kwa namna anayoichagua. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Wengi wanaokaa nyuma ya madirisha hawajawahi kuishika mkononi. Wewe unaweza kwenda nayo imechapwa.

Sheria haimpandishi mtu ngazi za ofisi, hilo nalijua. Ukichagua kwenda na mguu wazi, nadhani usianze tena dirishani. Anza kwa daktari, na usimwendee yule asiyeomba uvue viatu. Tafuta daktari wa mifupa au wanaofanya kazi ya mazoezi ya viungo, waupime mguu wa kushoto hasa, nguvu yake na upesi wake. Hapa nina neno jingine la kukuuliza kwa upole. Umeandika juu ya mguu wa kuume tu, kana kwamba wa kushoto hauna historia. Mguu huo umebeba mwili wako tangu utotoni. Watu walioshikwa na polio wadogo huweza kupata udhaifu mpya baadaye sana, mara nyingi miaka 15 au zaidi, na hata misuli iliyodhaniwa mizima huchoka. Ukisimama kutwa kwenye depo, jioni mguu huo ukoje? Ukishuka kwenye manseba unatetemeka? Kipimo cha daktari kinaweza kukupa karatasi ya kujitetea, na kinaweza pia kukuambia kwamba pedali ya kushoto haitoshi, kwamba kwako mkono wa chuma ni salama zaidi. Afadhali ulijue hilo kabla hujamlipa fundi.

Ukiwa na maelezo ya daktari yanayosema unaweza nini, na katika gari la namna gani, andika barua ya kuomba mtihani. Ielekeze kwa CONADEP, tume ya taifa inayotoa permi. Eleza gari lako, omba ufanye mtihani ndani yake, omba permi iandikwe sharti hilo wazi. Beba kopi mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, uirudishe nyumbani. Tofauti yake na ile siku ya kwanza ni kubwa: aliyekucheka hakuacha alama yoyote, lakini anayekataa barua yenye muhuri lazima atoe sababu, na sababu iliyoandikwa inaweza kujibiwa kwa mkubwa wake au mbele ya sheria. Usiende peke yako. Katika jumuiya za watu wenye ulemavu hapa mjini, uliza kama yupo anayeendesha tayari. Mmoja tu aliyepita atakueleza alichoulizwa na alichojibu, na hiyo ni habari ambayo mimi siwezi kukupa.

Hatari za njia hii nizitaje pia. Ni ndefu. Utalipa fundi kabla ya kujua kama utakubaliwa, kwa sababu hawawezi kukupima katika gari ambalo halijatengenezwa. Unaweza kukataliwa mara ya kwanza kwa ujinga tu wa mtu. Gari litakaa uani huku likelemba nyingine inakuja. Na kuna uwezekano, lazima niuseme, kwamba kipimo cha kweli kikuambie bado, au si kwa gari hili. Ungelibeba hilo namna gani? Naomba ujiulize kabla hujaanza.

Liputa je? Mwalimu wako simlaumu. Amewaona watu wakirudishwa bila sababu, akatafuta upenyo kwa ajili yako, na moyo wake ni mwema. Ila angalia permi hiyo itasema nini. Itasema kwamba mwenye permi anaendesha gari la kawaida kwa miguu miwili. Siku ya mtihani itakubeba. Siku utakapoguswa na taksi-bisi iliyokosea, ndipo itakapokugeukia. Watu watajaa, mtu ataona apareyi, na dakika hiyo hiyo hadithi itabadilika: aliyekosea hatakuwa tena yule wa taksi-bisi. Mbele ya polisi utakuwa na karatasi inayokuonyesha kama mtu aliyedanganya. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973 kila gari linatakiwa kuwa na bima ya kulipa madhara ya wengine, na kampuni ya bima inapotakiwa kutoa fedha hupekua permi na gari kuliko walivyopekuliwa siku ya mtihani. Permi inayosema ukweli juu ya mguu wako ingesimama upande wako siku hiyo.

Njia ya shemeji inakuletea hatari hizo hizo, na nyingine moja. Mtihani, hata ule mdogo, ungekuwa mara ya kwanza kwa mtu asiye ndugu yako kukaa pembeni mwako na kutazama unavyoendesha. Mdogo wako anakupenda. Ameshazoea kukuona ukivusha mguu na kufunga kitenge, haoni tena kama ni ajabu. Na shemeji akishakuletea karatasi ile, itakuwa imebaki kitu kati yenu ambacho anaweza kukikumbusha siku mtakapokosana. Familia unaifahamu wewe.

Lakini swali lako la mwisho, kwa nini ubebe ukweli peke yako, sitaki kulifunika kwa maneno mazuri. Uko sahihi kuumia. Si haki kwamba mwenye miguu miwili anatoa matabishi, yaani rushwa, na kuondoka na funguo, na wewe unatakiwa kuleta daktari, fundi, barua na mashahidi. Sina dawa ya hilo katika ukurasa huu. Ninachokiona ni kwamba wao wakinunua permi bila kujua kuendesha, hatari wanawatupia wengine barabarani, nao wenyewe hakuna anayewanyoshea kidole. Wewe ukifanya vile vile, kidole kitakujia wa kwanza, hata siku ambayo huna kosa. Ukitaka kulipima kwa hasira tu, hasira yako ina haki. Ukitaka kulipima kwa kinachokulinda wewe na watoto wako, huenda hesabu ikatoka tofauti. Mizani hiyo uishike mwenyewe.

Nimebakiza mumeo. Unamwandika kama mtu anayekuzuia, na labda ndivyo. Lakini maneno uliyoyanukuu, kwamba hataki kupigiwa simu usiku, ni ya mtu mwenye hofu, na hofu yake inafanana sana na ile ya freni. Je, umemweleza siku chuma kilipokwama, au mnamficha wewe na mdogo wako? Nauliza kwa sababu mtu anayehisi anafichwa kitu hukataa kila kitu. Nayo hofu huweza kuwa imefunika jingine, maneno ya wenzake wa kazini kwamba mke wake anaendesha na yeye yuko mbali. Hilo huwezi kulijua kwa simu, watoto wakisikiliza. Akija mwisho wa mwezi, mpeleke pale uwanjani. Akae kiti cha pembeni, na mdogo wako akae nyuma. Gari likiwa limezimwa, mwonyeshe unachoweza, kisha mwonyeshe pia kitenge na sababu yake, na michoro ya pedali ya kushoto kama utakuwa umeipata. Anaweza kukataa hata hivyo. Angalau atakuwa anakataa kitu alichokiona.

Na wazo lake la shoferi, usilitupe kwa sababu tu limetoka kwake. Mdogo wako, au kijana unayemwamini, anaweza kuendesha gari hilo miezi michache, siku za kupeleka unga, kwa malipo mliyopatana, huku makarata yako yanatembea. Gari litajilipia fundi. Wapo wanaokaa na shoferi maisha yote na biashara yao inakua, nao si watu waliokubali kushindwa. Kuna pia wanaohisi kwamba kila asubuhi wanaomba ruhusa ya kutoka kwao. Wewe uko upande gani, sijui. Barua yako inazungumza juu ya biashara, lakini niliposoma juu ya konvoyeri asiyesimama nilihisi kuna kitu zaidi ya unga.

Jambo moja tu silizungushi, na utanisamehe ukali: kuanzia leo mpaka gari litengenezwe, usiliendeshe kwa kitenge, hata uwanjani, hata na mdogo wako. Mengine yote yanaweza kungoja mashauri yako mwenyewe.

Kwa binti yako, unaweza kumjibu leo bila kungoja permi. Mwambie ndiyo, mtu wa mkongojo anaendesha, gari likitengenezwa kwa ajili yake, na kwamba mama yake anatafuta namna ya kulitengeneza lake. Kama yuko darasa la kusoma vizuri, mpe ile sheria ya 2022 akusaidie kutafuta vifungu vya kuweka kwenye barua.

Ukishampata daktari niandikie alichosema juu ya mguu wa kushoto, na kama ofisi imeipiga barua yako muhuri au imekataa. Wakikataa, niandikie maneno waliyoyatumia kama yalivyo, tutazame pamoja hatua inayofuata.

Mama Mshauri wako